Ukikuta Sarafu za Kale Ardhini: Mwongozo wa Kufuata Tangu Saa ya Kwanza

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, misingi ya nyumba inachimbwa kila siku katika ardhi ambayo jana tu ilikuwa mashamba ya uwele na mtama, malisho ya ng'ombe, au mahame ya tembe zilizobomoka bila mtu kuandika zilikuwa za nani. Sururu ikishuka katika mahame kama hayo, mara mojamoja hugonga kitu kisicho jiwe. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeinama shimoni na kuona duara jeusi la madini likichungulia udongoni, awe ni mwenye kiwanja, fundi, kibarua, au mama anayelima karanga pembeni mwa korongo lililokatwa upya na mvua za masika.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba fungu la sarafu za kale haliharibiwi sana na wezi. Huharibiwa na yule yule aliyelikuta, katika siku ya kwanza, kwa kulisugua, kuligawa na kulitangaza. Jirani yetu mmoja wilayani Mpwapwa alikuta kibuyu kilichooza chenye rupia zaidi ya ishirini, yaani sarafu za fedha zilizotumika kabla ya shilingi, na kufikia jioni watoto walikuwa wamezing'arisha kwa majivu na ndimu, shemeji wawili walikuwa wameondoka na zao mfukoni, na kibuyu kilikuwa kimetupwa jalalani. Zilizobaki zilimeta kama vijiko vipya, na sonara alizipima kwa gramu kama fedha chakavu. Sarafu hazikuwa na kosa lolote.

Kabla ya kugusa chochote

Simamisha kazi mahali hapo, hata kama fundi analipwa kwa siku. Kazi inaweza kuendelea upande wa pili wa kiwanja kwa muda wa saa mbili au tatu, na hiyo ndiyo gharama yote inayohitajika kwa sasa. Usiingize mkono kuvuta kinachoonekana, kwa sababu chungu kilichokaa ardhini miaka mia huwa kimeshikiliwa na udongo tu, na ukikivuta kwa mdomo kitabomoka na kumwaga kilichomo.

Kuna sababu nyingine ya kutokuwa na haraka. Katika eneo la Kondoa, ambako kikosi cha Jenerali van Deventer kilichopigana upande wa Uingereza kilikabiliana na jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck mwezi Aprili na Mei 1916, chuma kilichofukiwa kinaweza kuwa risasi au kombora ambalo halikulipuka. Kama unachokiona ni kirefu, kina ncha, au kina kutu nyekundu nene ya chuma, ondoka na uwaondoe watu, kisha toa taarifa polisi. Sarafu zinazozungumziwa hapa ni za fedha, shaba, nikeli au, kwa nadra sana, dhahabu, na hakuna hata moja kati ya hizo inayotoa kutu nyekundu ya chuma. Vivyo hivyo, ukiona mifupa ya binadamu usiihamishe. Hilo ni kaburi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na taarifa yake inapelekwa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata na kituo cha polisi siku hiyo hiyo.

Ukiridhika kwamba mahali ni salama, toa simu na upige picha kabla ya kusogeza kitu. Weka rula au kalamu kando ya sarafu ili ukubwa wake ueleweke, piga picha ya karibu, kisha rudi nyuma hatua tatu upige nyingine, halafu piga ya tatu inayoonyesha alama isiyohama kama mbuyu, kona ya nyumba au nguzo ya umeme. Picha hizo zisiende kwenye kundi lolote la simu, hata la familia.

Daftari

Watu wengi huruka hatua hii, nami naitetea kuliko nyingine zote kwa sababu haigharimu kitu na haiwezi kurudiwa. Chukua daftari la shule na uandike tarehe, jina la kitongoji au mtaa, kina cha shimo kutoka usawa wa ardhi hadi sarafu ya kwanza, aina ya udongo, na chombo kilichozibeba: chungu, kibuyu, mfuko wa ngozi, kopo la bati, au hakuna. Andika pia kama karibu yake kulikuwa na mkaa, vigae, shanga, mawe ya mafiga au udongo mgumu mwekundu wa sakafu ya tembe. Kisha eleza nani alikuwepo.

Umuhimu wa maelezo hayo unaonekana unapojua namna fungu linavyosomwa. Sarafu yenye mwaka mchanga kuliko zote ndiyo inayoonyesha kwamba fungu halikuzikwa kabla ya mwaka huo. Chungu chenye rupia za mwaka 1890 hadi 1902 peke yake kinasimulia habari tofauti na chungu chenye rupia hizo hizo pamoja na kipande kimoja cha shaba cha Tabora cha mwaka 1916, kilichopigwa, yaani kutengenezwa, na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwenye chungu cha pili alificha akiba yake wakati wa vita hivyo au baada yake, na katika Ugogo miaka iliyofuata, 1917 hadi 1920, ndiyo miaka ya njaa kubwa ambayo wazee wanaiita Mtunya. Mwenye fedha aliyekufa au kuhama kwa njaa hakurudi kuichukua. Mtu akiondoa kile kipande kimoja cha Tabora kwa sababu ni kidogo na kibaya, habari yote hiyo imeondoka nacho.

Wala tusishangae kwamba Wagogo na majirani zao walikuwa na rupia za kuzika. Njia kuu ya misafara kutoka pwani ilipita Mpwapwa na kukata Ugogo kuelekea Tabora, na watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa misafara, kwa maji na kwa kupita. Baadaye utawala wa Kijerumani ulidai kodi ya nyumba, na reli ya kati iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912 ilileta vibarua waliolipwa kwa sarafu. Hapakuwa na benki. Mahali salama palikuwa chini ya sakafu ya tembe, ndani ya ukuta, au chini ya ghala la nafaka.

Baada ya kuandika, ondoa fungu pamoja na udongo wake. Kata udongo kuzunguka chungu kwa upana wa kiganja, pitisha kipande cha ubao au bati chini yake, na uinue vyote kwa pamoja. Sarafu zilizogandamana zibaki zimegandamana, kwani kisu kinachozitenganisha huacha mkwaruzo ambao hautaondoka tena. Weka udongo uliozizunguka katika mfuko wa peke yake, maana humo huwa na nyuzi za mfuko wa kitambaa au vipande vya ngozi ambavyo jicho la haraka halivioni.

Usisafishe

Neno hili lingeweza kutosha bila maelezo, lakini uzoefu unaonyesha kwamba halitoshi. Weusi ulio juu ya sarafu ya fedha na rangi ya kahawia au kijani iliyo juu ya shaba ni ngozi iliyojengeka kwa miaka mingi, na chini yake ndipo herufi na sura zilipo. Majivu, mchanga, dawa ya meno, stilwaya na vumbi la matofali hukwangua ngozi hiyo pamoja na herufi. Ndimu, ukwaju, siki na soda huila kwa asidi au kwa kemikali nyingine. Mnunuzi anayejua kazi yake hutambua sarafu iliyosuguliwa kwa kuitazama mara moja chini ya taa, na bei anayotoa hushuka, pengine hadi nusu au chini zaidi.

Kinachoruhusiwa ni kuondoa udongo ulioshika kwa ulegevu. Loweka sarafu moja moja katika maji yaliyokenekwa, yaani maji yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa ili yasiwe na chumvi, uiache kwa saa kadhaa, ubadilishe maji, kisha uiweke juu ya kitambaa laini cha pamba na kuigusagusa bila kusugua. Maji ya visima vingi vya Dodoma hayafai kwa kazi hii kwa sababu yana chumvi, na chumvi ndiyo adui wa shaba. Maji yaliyokenekwa huuzwa katika maduka ya vipuri kwa ajili ya kuongezea betri za magari. Hakikisha unapewa maji na si asidi ya betri, kwa sababu yote mawili hukaa kwenye rafu moja na chupa zake hufanana.

Sarafu ya shaba ikionyesha madoa ya unga wa kijani kibichi cheupe unaodondoka ukiguswa, hiyo inaumwa. Ni kutu inayosababishwa na chumvi iliyoingia ndani ya shaba, na huendelea kula maadamu kuna unyevu. Itenge na nyingine, iweke mahali pakavu sana, na umwachie mtaalamu wa makumbusho.

Kutambua ulichonacho

Kazi hii inataka mwanga wa mchana, kioo cha kukuzia, mzani wa sonara unaosoma sehemu za gramu, na sumaku ndogo ya spika iliyoharibika. Shika kila sarafu kwa ukingo wake, kamwe usishike kwa uso. Nitaeleza aina zinazotarajiwa kupatikana katika ukanda wetu kwa kufuata umri, na nitakaa zaidi kwenye zile zinazowachanganya watu.

Ya kwanza kuchanganya ni riale kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda, pamoja na tai mwenye vichwa viwili upande wa pili. Huyo ni Maria Theresa wa Austria, na mwaka ulioandikwa ni 1780 daima. Malkia huyo alikufa mwaka huo, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Afrika Mashariki waliizoea sarafu yake kiasi kwamba iliendelea kupigwa kwa tarehe ile ile katika karne ya 19 na ya 20, hata nje ya Austria. Kwa hiyo mwaka 1780 hauthibitishi kwamba riale yako ina umri wa karne mbili na zaidi. Uzito wake ni takriban gramu 28, na ukingoni ina maandishi ya Kilatini badala ya milia.

Sarafu ndogo ya shaba yenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu ni pesa ya Sultani Barghash wa Zanzibar, na mwaka wake wa Hijria, 1299, unalingana na 1882. Pesa nyingine ya shaba yenye maandishi ya Kiarabu upande mmoja na tai wa Kijerumani upande wa pili ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanza kupigwa mwaka 1890, sawa na 1307 ya Hijria. Sitini na nne kati ya hizo zilifanya rupia moja. Ukizikuta zote mbili pamoja usizitenganishe kwa kudhani kwamba ni za wenyewe tofauti, kwa sababu mkononi mwa mchuuzi zote zilikuwa pesa.

Rupia za fedha ziko za aina mbili kuu, na uzito wao ni mmoja, gramu 11.66. Za Kihindi zina sura ya Malkia Victoria au wafalme waliomfuata. Zilizoandikwa kwamba Victoria ni Malkia ni za 1862 hadi 1876, na zinazomwita Malkia wa milki yote ya India zinaanzia 1877. Hapa pia kuna mtego, kwani rupia nyingi zenye mwaka 1862 zilipigwa miaka kadhaa baadaye kwa tarehe hiyo hiyo. Rupia za Kijerumani zina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili mwenye kofia ya vita iliyopambwa kwa tai. Upande wa pili ndio unaozigawa. Zile za 1890 hadi 1902 zina ngao yenye simba mbele ya mnazi na jina la Kampuni, na zile za 1904 hadi 1914 zina neno la thamani lililozungushiwa majani, pamoja na jina la koloni. Herufi ndogo A au J inayoonekana kwenye hizo za pili inaonyesha kiwanda, Berlin au Hamburg, nayo iandike daftarini bila kukosa.

Kuanzia 1904 rupia iligawanywa kwa heller 100 badala ya pesa 64, na neno hilo ndilo lililotuachia hela tunazozihangaikia mpaka leo. Heller moja ni shaba ndogo yenye taji. Heller 5 za 1908 na 1909 ni shaba kubwa na nzito ajabu, gramu 20, na watu huzidhani kuwa medali. Heller 10 na heller 5 za miaka ya mwisho ni nyeupe na zina tundu katikati, jambo lililowafaa waliozitunga kwenye kamba.

Kisha ziko za Tabora. Vita vilipokata njia za bahari na watu wakazificha sarafu za fedha kwa kutoiamini karatasi, Wajerumani walipiga sarafu zao wenyewe mwaka 1916 katika karakana ya reli ya Tabora. Heller 5 na 20 za shaba na za shaba ya manjano zilipigwa kwa haraka, nyingi zimepinda au kufifia, na zina herufi T. Ubovu wao si dalili ya bandia. Dhahabu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima, ilipigwa vipande 16,198 tu, kila kimoja kikiwa na gramu 7.168 za dhahabu ya asilimia 75. Hiyo ndiyo inayoigizwa zaidi kuliko zote, na mtu anayekuonyesha tatu mfukoni karibu na stendi anakuonyesha tatu za bandia.

Sarafu za Waingereza, yaani shilingi ya simba, thumuni, na senti zenye tundu zenye maneno ya Afrika Mashariki, zilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1920. Shilingi za kabla ya vita vya pili zina robo tu ya fedha, sehemu iliyobaki ni madini mengine, na zile za 1948 hadi 1952 hazina fedha kabisa. Zinapatikana kwa wingi katika makopo ya bibi zetu na thamani yake kwa kawaida ni ndogo. Sarafu za Tanzania yenyewe, zilizoanza mwaka 1966 zikiwa na sura ya Mwalimu Nyerere upande mmoja na samaki, mbuni, sungura au mwenge upande wa pili, ni za kumbukumbu zaidi kuliko za biashara.

Sasa kipimo. Sumaku isivute sarafu ya fedha, dhahabu wala shaba, na rupia inayoruka kwenye sumaku ni chuma kilichopakwa. Lakini bandia ya risasi au shaba haivutwi pia, kwa hiyo endelea na mzani. Weka bilauri yenye maji juu ya mzani na uirudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza rupia kwa uzi mwembamba izame bila kugusa kitako wala ubavu. Mzani utaonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia halali ya gramu 11.66 inasukuma takriban gramu 1.13, na jibu ni kama 10.3, kwa sababu ni fedha ya takriban asilimia 92 iliyochanganywa na shaba. Jibu la 8 au 9 linaonyesha shaba au mchanganyiko wa bei rahisi. Kipimo hiki hakiharibu chochote, tofauti na tone la asidi la sonara au tupa, ambavyo usiviruhusu.

Taarifa na sheria

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inahesabu kuwa mabaki ya kale vitu vilivyotengenezwa na binadamu hapa nchini kabla ya mwaka 1863. Inataka anayevigundua atoe taarifa, inakataza kuchimba kwa lengo la kuvitafuta bila leseni, na inakataza kuvitoa nje ya nchi bila kibali. Waziri mwenye dhamana anaweza pia kutangaza ulinzi wa vitu vya umri mdogo zaidi. Msomaji makini atasema kwamba rupia ya 1890 haifiki mwaka huo wa mpaka, na ni kweli. Lakini chungu chenyewe, shanga zilizokuwa ndani yake, au kaburi lililo chini yake vinaweza kuufikia, na si kazi ya aliyekuta kuamua.

Njia ninayoipendekeza ni kuandika barua ya ukurasa mmoja, yenye picha na muhtasari wa daftari, na kuipeleka kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, kisha kwa Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo ndiyo inayosimamia malikale na ambayo makao yake yako hapa hapa Dodoma. Nenda na nakala mbili na uombe moja ipigwe mhuri wa kupokelewa. Sarafu zenyewe zisibebwe siku hiyo. Zikihitajika kukabidhiwa, zikabidhiwe kwa orodha yenye idadi, aina, mwaka na uzito wa kila moja, iliyosainiwa na pande zote mbili, na mtumishi aandike jina na cheo chake. Mtumishi mwaminifu hatachukizwa na orodha, na asiyetaka kuisaini ameshakueleza jambo. Makumbusho ya Taifa yaliyopo Dar es Salaam na Idara ya Akiolojia na Malikale ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni mahali pengine pa kuomba utambuzi.

Ikiwa fungu ni la sarafu na noti za miaka ya karibuni, au lina vito na saa, usilichukulie kuwa la kale hata kidogo. Huenda ni mali ya wizi, na mahali pake ni polisi.

Lipo pia suala la nani mwenye haki, ambalo huvunja udugu kabla hata bei haijajulikana. Mwenye kiwanja husema ardhi ni yake, kibarua husema jasho ni lake, na ukoo uliolima pale zamani husema chungu ni cha babu. Kaeni siku hiyo hiyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mkubaliane kwa maandishi kwamba fungu halitagawanywa mpaka taarifa ijibiwe, na muandike mtakavyogawana kama mtaruhusiwa kubaki nalo. Mgawo uwe wa thamani na si wa vipande, kwa sababu fungu zima lenye maelezo yake humvutia mnunuzi na makumbusho kuliko sarafu kumi zilizotawanyika katika nyumba kumi.

Kuhifadhi wakati unasubiri

Hali ya hewa ya Dodoma inasaidia, kwa sababu ukavu wa miezi ya Mei hadi Novemba ni rafiki wa madini. Weka kila sarafu katika bahasha ndogo ya karatasi kavu, uandike namba juu yake kabla ya kuiingiza, na upange bahasha katika kopo la bati lenye mfuniko. Epuka mifuko laini ya plastiki inayong'aa kama ya kuwekea vitambulisho, kwani baadhi yake hutoa ute unaoacha kijani juu ya shaba. Epuka pia gundi, utepe wa selotepu na mipira ya kufungia. Kopo likae kwa mtu mmoja aliyekubaliwa na wote, au benki kama mna uwezo wa kukodi sehemu ya kuhifadhia.

Thamani, wanunuzi na matapeli

Rupia ya kawaida ya Kijerumani iliyotumika sana ni sarafu ya kukusanywa yenye thamani inayopita kidogo au mara chache ile ya gramu 10.7 za fedha safi zilizomo. Haijengi nyumba. Zinazopanda bei ni zile zisizochakaa kabisa, miaka michache iliyopigwa kwa uhaba, rupia 2 za 1893 na 1894, na dhahabu ya Tabora. Tazama bei zilizolipwa katika minada ya sarafu ya Ujerumani na Uingereza, zile zilizolipwa kweli na si zile ambazo mtu ameandika kwenye tangazo, maana mtangazaji anaweza kuandika milioni mia na akakaa nayo mpaka uzeeni.

Matapeli wa rupia wana mbinu zinazofanana. Mmoja husema rupia ya mwaka fulani ina nguvu ya kuvuta punje za mchele au ina zebaki ya thamani kubwa, na kwamba mzungu yuko hotelini Dar es Salaam anaisubiri. Mwingine huja na mashine ya kupimia, apime, ashangae, kisha aombe fedha ya kemikali, ya kibali au ya ndege ya mtaalamu. Wa tatu huomba kuondoka na sarafu moja tu kwa ajili ya maabara. Hakuna sarafu ya Kijerumani iliyotengenezwa na zebaki, kwa sababu zebaki ni majimaji katika joto la kawaida, na fedha haivuti mchele. Mnunuzi halali ndiye anayekulipa wewe. Ukiombwa ulipe ili ununuliwe, mazungumzo yamekwisha.

Mtu anayetaka kununua alipe benki, mbele ya mashahidi, kwa hati inayotaja kila sarafu kwa namba yake ya daftarini. Anayekusudia kuzipeleka nje ya nchi aonyeshe kwanza majibu ya maandishi ya Wizara kuhusu kibali, na nakala ibaki kwako.

Shimo lenyewe

Ukishapata majibu na kazi ya ujenzi ikaruhusiwa kuendelea, usipanue shimo kwa matumaini ya chungu cha pili, kwa sababu hapo utakuwa umeanza kutafuta, na leseni huna. Kinachofaa ni kuchekecha udongo uliokwisha kutolewa, kwa chekecheke ya kokoto yenye wavu mdogo, kwa sababu sarafu zilizoponyoka kwenye chungu kilichopasuka huwa tayari ziko kwenye lundo hilo na zingepotea kwenye kifusi. Zitakazopatikana zipewe namba zinazofuata katika daftari lile lile, na ziandikwe kwamba zilitoka kwenye lundo.